Ndege Aliyekuja Wakati wa Maombi

Baba mkwe wangu, Mzee Salesio, ni mzee wa kanisa na pia mwenyekiti wa kikundi chetu cha kutazama ndege hapa Makutano. Ana sheria moja: ndege aliyeonwa na mtu mmoja hajaonekana. Sheria hiyo ilinimaliza mwaka jana. Nilikuwa peke yangu kando ya mto, ndani ya mbuga ya Meru, nikamwona yule ndege wa majini ambaye kikundini tunamwita Miguu-Machungwa. Wageni hutoka mbali kumtafuta wakarudi kwao mikono mitupu. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa, Mama Kinya," kwa ile sauti anayomjibia mlevi anayeahidi kuokoka Jumapili.

Tangu siku hiyo, nikisema tu kwamba mvua inakuja, wifi yangu Purity hutoka nje kuhakikisha. Iliniuma, na bado inaniuma. Mtu akiolewa mahali hana kitu cha kushika kama neno lake, na langu lilikuwa limekwisha.

Jumamosi iliyopita tulirudi mbugani, Mzee, Purity na mimi. Asubuhi nzima tuliona kanga, na baadaye kanga wengine. Jua lilipofika utosini tukaketi kivulini kando ya mto, mahali watu wanaporuhusiwa kushuka garini. Nikatoa nduma na sufuria ya ndengu. Mzee akasema tuombe.

Mzee Salesio haombei chakula haraka. Alianza na mvua, akaingia kwa ng'ombe, akapitia shule zote anazozijua. Hapo nikafungua jicho moja. Ni tabia mbaya, najua. Chini ya matawi yaliyoinamia maji nikaona shingo ndefu na mdomo mwekundu, kisha ndege akapanda juu ya mzizi na ile miguu ikatokea, rangi ya chungwa kabisa.

Simu ilikuwa kikapuni, chini ya vikombe. Nikimgusa Purity angepiga mayowe, ndivyo alivyo. Nikamwomba Mungu amzuie Mzee asiseme Amina, na Mungu akanijibu papo hapo. Mzee alishusha sauti akaombea Embu, ambako hatuna jamaa hata mmoja. Akaombea soko la Gakoromone, wauza vitunguu kwanza, halafu wa nyanya. Ndege akajinyoosha, akashuka majini taratibu, akapotea.

"Amina," akasema Mzee.

"Nimemwona Miguu-Machungwa," nikasema. "Pale kwa mzizi. Saa hii tu."

"Saa hii tukiomba?" Purity akamgeukia baba yake. "Baba, unaskia huyu? Sasa anadanganya mpaka kwa maombi!"

Mzee alichukua nduma, akaanza kuimenya polepole. Nilitamani mamba atoke anichukue.

"Walikuwa wawili," akasema. "Mama Kinya ameona wa kwa mzizi. Huyo mwingine alikuwa nyuma, kwa kivuli."

"Baba! Hata wewe?"

"Ningesema Amina, mngeinuka." Akaendelea kumenya. "Na yule wa mwaka jana, tumhesabu pia."

Machozi yalinitoka. Nikasingizia moshi, ingawa hatukuwa tumewasha moto.

Mzee akatazama sufuria, akagundua kwamba katika maombi yote hayo chakula hakikutajwa. Akairudisha nduma.

"Tufunge macho," akasema, akangoja sisi tufunge kwanza.