Kiingereza cha Mnunuzi

Kiingereza Farhia alikuwa nacho, tena cha kujaza debe. Cheti chake cha kidato cha nne kilisema hivyo. Taabu ni kwamba alikizungumza kama mtu anayesoma tangazo la kifo redioni.

Tusimwonee, alifunzwa hivyo. Baba yake, Mzee Korane, alikuwa mnunuzi wa mbuzi Machakos, na tangu Farhia akiwa mdogo alimpeleka sokoni na sheria moja: ukimpenda mbuzi, mwenyewe asijue. Funga meno, ficha mikono, angalia kando. Korane akikutana na beberu wa kutoa machozi, alitazama vilima vya Iveti, akapiga miayo, akasema, "Si mbaya sana." Hapo Farhia alijua baba amezama kabisa.

Sasa hoteli mpya mjini ilitafuta msichana wa mapokezi. Jamani, Farhia aliitaka kazi hiyo mpaka akaiota usiku! Korane alikuwa ameshasema: akiikosa, anarudi kwa mbuzi, na maneno yaishe.

Kabla ya usaili alipita Kyumbi kwa rafiki yake Mbinya, muuza machungwa kando ya barabara. Kiingereza cha Mbinya kilikuwa cha kuokoteza, lakini gari likisimama, haliondoki bila machungwa.

"Hebu niongeleshe hiyo Kiingereza yako," Mbinya akasema.

Farhia akajieleza, mikono chini ya mtandio, macho kando.

"Aiya! Kwani unanunua?" Mbinya alicheka mpaka chungwa likamponyoka. "Unaogopa watakupandishia bei? Uza, dada! Toa hizo mikono!"

Akamsukumia kapu. Gari la kwanza, Farhia alinong'ona, dereva akaondoka. La pili, aibu ilimchoma lakini akapaza sauti. Kufikia jioni alikuwa anayasifu machungwa kwa Kiingereza, mikono hewani, na abiria mmoja akanunua huku akicheka.

Siku ya usaili, meneja, Bi Wanza, alimwambia kwa Kiingereza, "Mimi ni mgeni. Nataka kuendelea hadi Nairobi. Nishawishi nilale hapa."

Farhia akaanza, na ile sauti ya tangazo la kifo ikamrudia. Mungu wangu! Akaona mbuzi wote wa baba yake wakimsubiri. Basi akatoa mikono. Akamweleza mgeni baridi ya asubuhi vilimani, maembe yanayochuruzika hadi kwenye kiwiko, na ujinga wa kukimbilia foleni za Nairobi wakati kitanda kipo. Sauti ilipanda, ikashuka, ikacheka. Sarufi iliteleza mara kadhaa, akaiacha iende zake.

Alipomaliza, Bi Wanza hakutabasamu. Alitazama dirishani, akapiga miayo. "Tumesikia wengi," akasema.

Msichana mwingine angelia. Farhia? Moyo ulimruka kwa furaha. Uso ule aliujua tangu utotoni!

"Nianze lini, madam?" akauliza.

Bi Wanza alijitahidi, maskini, lakini kicheko kikamshinda. "Jumatatu."

Korane alikuwa akingoja kwenye lango la hoteli, mikono ndani ya shuka.

"Aabo, nimeipata!"

Mzee akatazama vilima vya Iveti. Akatazama sana. Akajaribu kupiga miayo, midomo ikamtetemeka.

"Si mbaya sana," akasema.

Farhia akamkumbatia palepale, mbele ya watu wote.