Neno Lililobaki Juu ya Ukurasa

Mimi na mdomo wangu! Ningekaa kimya nikanywa chai yangu, mtoto wa dada angechukua ramani yake akaondoka zake. Lakini nilikuwa nimevimba kichwa, nataka nionekane.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kumbukumbu, panapotunzwa majalada na ramani za zamani. Kwa muda mrefu nilikuwa nahamishia miongozo yetu kwenye kompyuta, yaani vile vitabu vinavyokuonyesha jalada gani limo katika boksi gani. Kwenye mfumo mpya kila kitu kina nafasi yake: jina la jalada, mwaka, boksi, masharti. Mkuu wetu alitaka tumalize upesi, nami nikajitia hodari, nikawa nazipeleka kurasa mbiombio huku nikiwacheka wenzangu kwa uzembe wao.

Basi akaja kijana wa dada yangu mkubwa, muuguzi, mpole kupita kiasi. Alitaka ramani ya kiwanja cha marehemu baba yake. Huyu nimembeba mgongoni, ananiita mama mdogo. Nikamketisha mbele ya skrini, nikamwambia ramani haikimbii, kwanza aone kazi ya mikono yangu.

"Andika jina lako," nikasema. "Uone kama hamna watu wa ukoo wenu humu."

Akaandika. Likatokea jalada moja, la kituo cha kulelea watoto. Mtoto mchanga aliyeachwa mlangoni, sasa anaitwa hivi, na hapo majina yake yote matatu. Amekabidhiwa kwa dada yangu na mumewe.

Dada hakujaliwa kuzaa. Sisi watu wazima wa nyumbani tulijua, tukanyamaza. Dada alitaka amwambie kijana yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, ila kila akijaribu moyo unamgomea. Safari hii aliniapia kwamba hafiki siku ya harusi ya mwanawe hajasema, akaniomba niwepo nimshike mkono.

Kijana akanigeukia. "Mama mdogo, hiki ni nini?"

Ningeweza kumwambia nenda kamuulize mama yako. Badala yake nikacheka. Nikacheka, jamani! Nikamwambia mashine imechanganya watu, majina yanafanana, wala asimsumbue mama kwa upuuzi. Akanitazama, akashusha pumzi, akacheka na yeye. Kisha akanishukuru, na zile shukrani zilinichoma kuliko matusi.

Alipotoka tu nikakimbilia kitabu cha zamani. Waliotutangulia ofisini walikuwa na mtindo wao: sharti huandikwa mara moja tu, juu ya ukurasa, nalo linayabana majalada yote yaliyo chini yake. Pale juu paliandikwa kwa herufi kubwa: YAMEFUNGWA. Mimi nilichukua mistari, kichwa cha ukurasa nikakiruka. Watoto wa kituo kizima nimewaanika hadharani kwa ajili ya kutaka sifa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Sikumwambia mkuu, sikumwambia dada. Nilikaa nikayafunga majalada moja moja. Mfumo haukubali kufunga mpaka utaje sababu na nani anaruhusiwa, nikajaza kama kanuni zinavyotaka, nikaenda nyumbani nikijiona nimezima moto.

Kesho yake dada akapiga simu. Moyo umekubali, alisema, jioni ile anamwambia, nije mapema. Nikajibu nitakuja, na sauti yangu mwenyewe sikuipenda.

Nilikuwa nakusanya vitu vyangu niondoke kijana alipoingia tena. Hakuulizia ramani. Aliketi, akaandika jina lake, akanisogezea skrini nisome. Nikayasoma maneno yangu mwenyewe: Limefungwa. Sababu: kulinda siri ya mtoto aliyelelewa na wasio wazazi wake. Anayeruhusiwa: mhusika pekee.

Akatoa kitambulisho chake, akakiweka mezani.

"Mhusika ni mimi," akasema, "au bado mashine imechanganya?"

Nilikishika kile kitambulisho kana kwamba jina lile silijui. Uongo mwingine ulikuwa umeshanifika mdomoni, Mungu anisamehe. Nikaumeza.

"Ni wewe," nikasema. "Mama yako anakusubiri nyumbani. Alitaka uyasikie kwake."

Akafuta macho kwa kiganja. Akaniuliza kama mama anajua kwamba yeye ameshajua. Nikasema hajui.

"Basi nitajifanya sijui," akasema. "Wewe unayaweza mambo haya, mama mdogo. Nielekeze."

Na nikamwelekeza. Jioni ile dada alisema yote huku akilia, na kijana akashtuka vizuri kabisa, akamkumbatia, akamwambia yeye ndiye mama yake na hana mwingine. Dada alinibana mkono hadi vidole vikauma. Tulipotoka nje akaniambia bila mimi asingeweza.