Maji Matupu

Niliporudi kutoka dukani nilimkuta wifi yangu kando ya kitanda, bilauri tupu mkononi, na midomo ya mume wangu imegeuka rangi ya majivu.

"Maji, wifi," alisema. "Nimempa maji matupu."

Maji matupu! Miezi saba nilikuwa nakoroga unga wa hospitali katika kila anachokunywa, chai, supu, hata dawa, mpaka kiwe kizito kama uji. Ugonjwa ulikuwa unaiua misuli ya koo lake, na chochote chepesi kiliteleza moja kwa moja hadi mapafuni. Daktari alieleza mara mbili, wifi akiwepo. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kuwatangazia ndugu zake kwamba namnyima kaka yake maji.

Miaka sita imepita tangu tumzike, lakini hasira ya siku ile ningali naijua ladha yake.

Mapafu yalivimba. Alilazwa siku kumi na moja. Pale koridoni, mbele ya wauguzi, nilimtolea wifi maneno ambayo mtu hamwambii hata mwizi. "Usikanyage kwangu. Hata msibani usije!" Hakujibu. Alichukua mkoba wake akaenda zake, nami nikaona kimya kile ndicho ushahidi.

Mume wangu alirudi nyumbani mifupa mitupu. Alikuwa seremala, sauti ilishakwenda, ila mikono ilikuwa bado yake, na alizungumza nasi kwa kuandika kwenye vipande vya mbao. Wiki tatu nzima alinisikiliza nikimtukana dada yake huku nikimlisha. Asubuhi moja akasukuma kijiko, akaandika:

NILIMWOMBA MIMI. WEWE USINGENIPA.

Nilikivurumisha kile kibao ukutani.

"Ukaniacha nimfukuze? Ukakaa unaniangalia tu?"

Nililia, na si kwa huruma. Huruma ilishaniisha zamani. Yeye akachukua kipande kingine, akaandika polepole, herufi zimenyooka kama kawaida yake: YALIKUWA BARIDI.

Jioni nilimpigia wifi simu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungemkasirikia yeye. Na wewe ndiye unayemlisha."

Nikamwambia aje Jumapili, na ajue kabisa kwamba bado nina hasira naye.

"Najua," alisema. "Nije saa ngapi?"