Chumvi Isiyotiwa Mchuzini

Mjane alikuwa akianua nguo wakati marehemu mumewe aliporudi kutoka kazini. Alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye kiti chake na kuomba maji. Kila alipogusa pakabaki chumvi nyeupe, laini, yenye harufu ya samaki aliyeoza.

"Usiitie mchuzini," alisema, kama alivyosema kila jioni tangu azikwe.

Kiwandani kazi yake ilikuwa kudondosha asidi kwenye piridini iliyopozwa kwa barafu, tone kwa tone, mpaka kimiminika kile kinachonuka kigeuke chumvi ya kutengenezea dawa. Feni ya kuvuta mvuke ikaharibika. Msimamizi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kesho, aliahidi kuleta fundi. Mapafu hayakungoja.

Chumvi ile hunywa unyevu wowote ulio karibu nayo. Kwa hiyo machozi ya mjane yalikauka kabla hayajafika shavuni, na majirani wakasema ana moyo wa jiwe.

Kiwanda kilikuwa na desturi yake: glavu za aliyekufa huvaliwa na mwanawe. Binti yao wa pekee alikuwa aanze kazi asubuhi.

"Mkataze mwanao," mjane alimwambia mumewe.

"Feni imetengenezwa?"

"Bado."

"Basi usiende, mwanangu."

"Wewe huli tena, baba," binti alijibu, akijaribisha glavu. "Sisi bado tunakula."

Marehemu aliomba maji tena.

Bwana Kesho alifika na ndoo yenye kifuniko, akakwangua chumvi ya kitini na kuitia humo.

"Safi kuliko ya mtambo! Shemeji, marehemu alikuwa mchapakazi, na hajaacha."

"Na feni?"

"Kesho, shemeji. Subira huvuta heri."

"Yangu imevuta jeneza."

"Ni kweli," alikubali, akabana kifuniko hewa isiingie.

Jioni iliyofuata binti alirudi, akaketi kando ya baba yake.

"Pananuka tu, mama. Nitazoea."

"Hata mimi nilizoea," alisema baba.

Binti aliinuka kwenda kunawa. Kiti chake kilikuwa cheupe. Mama alikipangusa upesi kwa upindo wa kanga, kisha akapangusa tena, lakini weupe ukabaki. Macho yakamwasha, makavu.

Mlango ukabishwa. Bwana Kesho alikuwa amekuja na ndoo mbili.