Fundi Asiyebisha Hodi

Eugénie alitua jembe lake uani, akainua macho. Dirisha la sebuleni lilikuwa limenyooka.

Kwa miezi minne dirisha hilo lilikuwa limelalia upande wa kushoto kama mtu anayesinzia kanisani. Asubuhi alipokwenda shamba lilikuwa vilevile. Sasa fremu ilisimama wima, pembeni mwake kumezibwa udongo mbichi uliolainishwa kwa mwiko, tena kwa mkono wa mtu anayejua kazi.

"Gisèle!" aliita. "Nani alifika hapa?"

Binti yake alitokea njiani na kidumu cha maji kichwani. Naye alikuwa ndiyo kwanza anarudi, kwani bombani foleni ilikuwa ndefu. Alitazama dirisha, akatua kidumu, akaanza kucheka.

"Mama, si uliomba kwa Mungu? Malaika amekuja na timazi."

Eugénie hakucheka. Aliingia ndani akahesabu sufuria, akafungua sanduku la nguo, akapapasa chini ya godoro. Hakuna kilichopungua, na hilo ndilo lililomtisha. Mwizi angalau unajua anachotaka.

Nyumba ile ya kijijini Kashojwa aliijenga marehemu mumewe kwa miti na udongo, mwaka walioingia makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakitokea Luvungi, Kivu ya Kusini. Mume alipofariki, mvua ilianza kuila polepole, kona hii leo, kona ile kesho. Kisha mwaka huu, 2012, Gisèle alipata mchumba, na Eugénie akaapa kwamba wakwe hawataketi kwenye nyumba inayomwaga vumbi mabegani mwa wageni. Alimwita fundi mmoja, Appolinaire, amwekee madirisha mawili. La kwanza likakaa sawa, la pili likapinda. Eugénie akamfukuza mchana kweupe, watu wakipita na vidumu vyao.

"Weye haiko fundi!" alimpigia kelele. "Weye ni muuaji wa nyumba!"

Appolinaire alikusanya vyombo vyake akaondoka bila neno, na baadaye ikasikika amehamia Juru, mwendo mrefu kutoka pale. Eugénie akachukua mwiko mwenyewe. Alipiga lipu kuta zote, akasawazisha sakafu kwa ubao, akapaka chokaa mpaka macho yakamwasha. Sasa vilibaki vitu vidogo vya mwisho: kizingiti, mlango wa mbele, kitasa, na rangi ya buluu kwenye fremu, kama ile aliyokwisha kupaka dirisha la kwanza. Wakwe wangefika baada ya wiki tatu.

Usiku ule wa dirisha usingizi ulimpaa, maana Kashojwa nzima ilikumbuka kisa cha mjane mmoja wa kule bondeni. Jirani alikuwa akimsaidia leo ukuta, kesho paa, na mjane akishukuru tu. Mwishowe jirani yule aliita mashahidi: nani alijenga hapa? Mashahidi wakasema kweli, tulimwona yeye akijenga. Nyumba ikawa ya jirani, mjane akaishia kupanga chumba kwa mtu mwingine. Kwenye ardhi ambayo hakuna mwenye hati, jasho la mtu ndilo lililokuwa hati yake. Eugénie alijiuliza ni nani sasa anayemwaga jasho lake kwenye ukuta wake, kimyakimya, bila kubisha hodi.

Siku nne baadaye ilikuwa kizingiti. Alikuwa amekimwaga mwenyewe kwa saruji kidogo aliyobakiwa nayo, na alijivunia. Aliporudi kutoka kanisani Jumapili, alikuta kimebomolewa na kumwagwa upya, chenye mteremko kuelekea nje, uso wake laini kama sahani.

Safari hii aliogopa kweli. Kubomoa kazi ya mikono yake, mtu anataka kusema nini?

Kesho yake, kabla ya kwenda shamba, alichekecha majivu akayatandaza mbele ya nyumba, chini ya madirisha na mlangoni. Alasiri aliyakuta yamekanyagwa. Alama zilikuwa za buti za mpira, kubwa, zimesimama sana karibu na fremu ya mlango, kama mtu aliyekuwa ameshikilia kitu. Kulikuwa na alama nyingine za malapa, lakini malapa kila mtu anayo, hata Gisèle. Eugénie alizikazia macho zile buti. Upande ule wa Kashojwa mtu mmoja tu alivaa buti za mpira masika na kiangazi: mzee Semahoro, mchungaji wa ng'ombe, ambaye uwanja wake ulipakana na wake.

Walikuwa wakisalimiana, hawakuwa wakitembeleana. Huko walikotoka, watu wa milimani wenye ng'ombe na watu wa bondeni wenye mihogo walikuwa wameacha kunywa maji ya mtungi mmoja zamani, na kila upande ulikuwa na makaburi yake ya kuonyesha. Nakivale wote walikuwa wakimbizi, wote wakipanga foleni moja ya posho. Hata hivyo Eugénie hakuwahi kumwomba Semahoro hata chumvi.

"Mama, muzee yule haoni vizuri," Gisèle alisema. "Jicho moja amelifunga. Anyooshe dirisha namna gani?"

"Kama haoni, amejuaje kama lilikuwa limepinda?"

Gisèle alichukua ufagio akaanza kuyafagia majivu.

Alhamisi, Eugénie alikwenda mjini Mbarara kununua bawaba, kitasa na kopo dogo la rangi. Alizunguka maduka matatu, akaingia la nne, ambalo muuzaji wake, mwanamke Mnyankore aliyejaa mwili na ucheshi, alimpangia vitasa mezani kama mtu anayepanga samaki.

"Mama, hii iko nguvu sana. Hata mwizi ya Kampala atachoka," alisema. Kisha Eugénie alipoonyesha rangi ya buluu, akacheka. "Na wewe unataka hiyo? Watu ya Nakivale mnapenda hii bulu! Juzi mzee moja alikuja na kipande ya mbao iko na rangi, anasema nataka sawasawa na hii."

Eugénie aliacha kitasa alichokuwa amekishika. "Muzee gani?"

"Mrefu. Kofia kubwa. Jicho moja iko na bandeji, alikuwa anatoka Ruharo kwa dokita ya macho."

Njia nzima ya kurudi Eugénie alihesabu vidoleni. Alikuwa na buti, alikuwa na bandeji, alikuwa na rangi. Mambo matatu yalikuwa yamekaa pamoja kama mafiga, na juu yake chungu cha hasira kilichemka. Hakupita hata nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Kabanda, mwenyekiti wa kijiji.

Kabanda aliita watu Jumamosi asubuhi, nje ya kanisa. Walikuja wengi kuliko waliohitajika. Eugénie alisimama akaeleza yote, dirisha, kizingiti, majivu, duka la Mbarara, na alipofika kwenye kisa cha yule mjane wa bondeni, minong'ono ilipita kati ya watu kama upepo kwenye mahindi.

"Muzee Semahoro," Kabanda aliuliza, "uliingia kwa huyu mama, mwenyewe hayuko?"

Semahoro alivua kofia. Bandeji ilikuwa imechafuka vumbi. "Niliingia," alisema.

"Ulifuata nini?"

"Sikuchukua kitu."

"Sikuuliza kama ulichukua. Ulifuata nini?"

Mzee aliizungusha kofia vidoleni. Mkewe, Mukandoli, alimvuta shati, akamnong'oneza jambo kwa ukali, lakini yeye akatikisa kichwa. "Ile ingine si yangu kusema," alijibu mwishowe, akavaa kofia yake.

Basi, watu waliona mtu aliyekubali kosa akakataa kutaja sababu, na kila mmoja akaijaza sababu mwenyewe. Mmoja alisema anataka kupanua malisho. Mwingine akasema, si mnawajua hawa. Kabanda aliamua kwamba Semahoro asikanyage tena uwanja wa Eugénie wala ile njia ya pembeni mwake. Ng'ombe wake wakanywe maji kwa kuzungukia upande wa kinamasi. Eugénie alirudi nyumbani akiwa ameshinda. Ajabu ni kwamba ushindi ule haukumpa hamu ya kula.

Asubuhi ya Jumatatu alimwona mzee kwa mbali akiswaga ng'ombe kando ya kinamasi, akipapasa ardhi kwa fimbo kabla ya kila hatua. Mara mbili aliteleza. Eugénie aligeuza uso, akajiambia kwamba mtu huvuna alichopanda. Lakini neno moja lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki: si yangu kusema. Kama si lake, ni la nani?

Jumatano alimwambia Gisèle atangulie shamba. Yeye mwenyewe alijifungia chumbani, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, panga mapajani. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Jua lilipokuwa karibu utosini, alisikia malapa uani, kisha mkwaruzo: mwiko juu ya ukuta, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, panga mkononi.

Appolinaire alikuwa amepiga magoti chini ya fremu ya mlango, pimamaji ameibana kwapani. Alikuwa amekonda. Alipomwona hakukimbia. Aliweka mwiko chini tu, kama mtu aliyekuwa akiisubiri siku hiyo.

"Weye!" Eugénie alisema. Panga lilimlemea mkononi. "Weye unatafuta nini kwangu?"

"Natengeneza kazi yangu."

"Nani alikuita?"

"Hakuna." Alijifuta jasho kwa mkono. "Mama Gisèle, siku ile ulinipigia kelele, watu walikuwa bengi. Kesho yake hakuna mutu aliniita. Nikaenda Juru, ile neno ilikuwa imeshafika mbele yangu. Muuaji wa nyumba. Batoto banaimba. Na tena ulisema kweli. Siku ile bibi yangu, mama ya batoto bangu, alikuwa mugonjwa, kichwa yangu haikukuwa hapa, niliweka dirisha mubaya. Ningekuja kuomba, ungenifukuza. Sasa nikasema, nitanyoosha kwanza, nitaomba nyuma."

"Na kizingiti changu? Hicho si kazi yako!"

Appolinaire alisita. "Mama, unisamehe. Ulikiinamisha ndani. Mvua ya kwanza ingekuingilia mupaka kitandani."

Ilikuwa kweli, na Eugénie aliona aibu kwamba hakuwa ameligundua.

"Na Semahoro?"

Hapo fundi aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba mzee alimkamata siku ya kwanza, dirisha likiwa mikononi, akamwinulia fimbo akimdhani mwizi. Aliposikia habari yote alimwachia. Akamshikia fremu, ya dirisha na baadaye ya mlango, maana ni kazi ya watu wawili, na alipokwenda Ruharo kwa ajili ya jicho akamletea rangi. Appolinaire alikuwa amemwomba asimwambie mtu mpaka kazi iishe, naye mzee akatoa neno lake.

"Na Jumamosi, walipomuweka mbele ya watu, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilisikia Jumapili."

"Leo ni Jumatano."

"Nilisema nimalize mulango kwanza, ndiyo niende kwa mwenyekiti. Nikienda sijamaliza, watasema nadanganya." Sauti yake ilipungua. "Niliogopa, mama. Ni hivyo tu."

Eugénie alitamani kumkasirikia, na kidogo alimkasirikia. Lakini kila neno alilotaka kumtupia lilimrudia yeye mwenyewe. Alitupa panga kwenye majani. "Simama," alisema. "Twende."

Walimkuta Semahoro amekaa mlangoni kwake, miguu yenye tope la kinamasi ndani ya beseni, Mukandoli akimsugua. Eugénie hakungoja kukaribishwa. Alipiga magoti palepale uani, akasema alichokuja kusema, na Appolinaire akasema cha kwake. Mukandoli alimtazama Eugénie kwa macho makavu na hakuacha kusugua.

Mzee aliinua uso kutoka kwenye beseni.

"Uliona alama za buti zangu," alisema. "Ulisikia habari yangu kule dukani. Hata mimi ningefikiri vile. Mutu anaingia kwako hauko, utaacha kumuogopa?"

"Basi unanisamehe, muzee?"

"Ngoja. Mimi sikuumia juu yako. Niliumia kwa sababu batu bote bale pale, hakuna mumoja alisema: muzee huyu tunamujua, tumuulize tena. Walikubali mbio-mbio. Kama walikuwa wanangoja." Alitoa mguu mmoja kwenye beseni. "Sasa kusamehe nitakusamehe. Lakini utasema fasi ile ile, pale kanisani, mbele ya batu bale bale."

Eugénie alisema, Jumapili, ibada ilipokwisha, watu wakiwa bado wamesimama nje. Hakuacha neno. Alilitaja hata lile jina alilompa Appolinaire, akaomba aliyelifundisha watoto awafundishe waliache. Kabanda aliifuta amri yake huku akijikuna shingo. Watu wengine walikwenda kumshika Semahoro mkono. Wengine walikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Mlango uliwekwa Jumatatu, Appolinaire akipima na Eugénie akikaza skrubu za bawaba mwenyewe, kwani hiyo alikataa kuachia mtu. Wakwe walikuja, wakaketi, wakasifu chokaa. Semahoro hakuja, alimtuma Mukandoli na maziwa, naye aliyakabidhi mlangoni akaondoka bila kukaa. Eugénie hakumlaumu.

Mwezi uliofuata mzee alitakiwa kurudi kwa daktari wa macho. Eugénie alijitolea kumsindikiza, kwa kuwa Mukandoli hakuijua Mbarara. Mara ya kwanza alikataliwa, na mara ya pili pia. Alipouliza mara ya tatu, Mukandoli alimjibu bila kumtazama kwamba gari huondoka saa kumi na mbili, asichelewe.

Walikaa kwenye benchi la Ruharo mpaka adhuhuri, Semahoro katikati, wanawake kila mmoja upande wake. Jina lilipoitwa, mzee alisimama akanyoosha mikono yote miwili, na kila mwanamke akashika mkono wa upande wake.