Magadi Mkononi mwa Shangazi

Siku shangazi yake alipoachishwa kazi, fundi wa maabara alipanda ngazi za taasisi akiwa amefura kwa hasira. Shangazi huyo ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa kufua mashuka ya hospitali, na sasa barua ilisema mwili wake unapoteza chumvi kupita kiasi, hafai tena kazi ya joto. Mwanamke ambaye homa yenyewe humwogopa.

Barua ilitokana na utafiti wa taasisi hiyo hiyo, alioufanyia kazi fundi mwenyewe. Madobi kumi na wawili walibandikwa mkononi vibandiko vya kupima jasho, vidogo kama kifungo cha koti, vinavyotuma vipimo kwenye kompyuta. Kanuni ilikuwa moja: kabla ya kubandika, ngozi isafishwe kwa maji ya maabara. Lakini siku ile wageni walikuwa wamefika, na Profesa, mkuu wa utafiti, akamhimiza fundi, "Bandika tu, tunachelewa." Dobi anashika magadi ya kufulia kutwa, na magadi hayatoki kwa kujipangusa kwenye aproni. Kibandiko kikayahesabu yote kuwa chumvi ya jasho.

"Takwimu hazidanganyi," Profesa alisema bila kuinua macho.

"Hazidanganyi. Zimedanganywa."

"Wewe una uchungu wa shangazi, si wa sayansi. Ripoti imeshatoka."

Fundi alitoa mkobani chupa ya maji ya magadi, akalowesha kitambaa. "Lete mkono. Kama nasema uongo, nifukuze leo hii."

Profesa aliutoa mkono kwa kiburi, ili upuuzi uishe. Fundi akaupangusa, akauacha ukauke, akambandika kibandiko na kumtuma apande na kushuka ngazi mara sita. Mzee alirudi anahema, shati limemganda mgongoni. Namba kwenye kompyuta ilikuwa imeipita ya shangazi.

"Kwa ripoti yako," fundi alisema, "na wewe ukae nyumbani."

Profesa alifungua droo, akamtupia karatasi ya siku ile ya vipimo. Majina kumi na mawili, na mbele ya kila jina: ngozi imesafishwa. Sahihi ilikuwa ya fundi, mara kumi na mbili.

"Na huyu nani aliyedanganya?"

Fundi alitamani kumrushia chupa. Badala yake alivuta kiti, akaandika barua ya kufuta ripoti, akaeleza kosa lake kwanza na la mkubwa wake baadaye. Profesa alitia sahihi kwa kalamu iliyokaribia kutoboa karatasi.

Jioni alimpelekea shangazi nakala. Shangazi aliisoma taratibu, akairudia, akaikunja mara nne kama anavyokunja foronya.

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ile kwamba hatukusafishwa."

"Nilijua, shangazi."

"Wenzangu wawili waliachishwa wiki iliyopita kwa ripoti hiyo hiyo. Nilikusimulia hapa hapa, ukala, ukanawa, ukaenda kulala."

Hasira aliyoibeba fundi tangu asubuhi sasa ilimgeukia yeye mwenyewe, ikamuuma.

"Mkuki kwa nguruwe, mwanangu," shangazi alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alijifunga mtandio, akafungua mlango. "Vaa viatu. Tunakwenda kwa hao wawili, na atakayeongea ni wewe."