Kumpari wa Unywele

Gaspare alikuwa fundi wa kuvunja mifupa, na watu wa soko la Ballarò, mjini Palermo, walimjia wenyewe, kwa miguu yao, ili watoke wamebebwa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mguu unalazwa juu ya matofali mawili ya saruji, katikati panaachwa uwazi. Gaspare anainua mfuko wenye vyuma vya wanyanyua vizito hadi usawa wa kifua, anauachia. Ka! Mfupa unakatika mara moja, mahali pamoja. Kisha aliyevunjwa analazwa barabarani, tena juu ya mistari ya kuvukia, maana watu wa bima hawana huruma na anayevuka ovyo. Pikipiki inaangushwa pembeni, mashahidi wanalia, wakili anadai fidia. Wakili akanenepa. Aliyevunjwa akaambulia cha kununulia jozi ya viatu, na kimoja hakikumfaa.

Gaspare hakuona haya. Anayekuja amekuja, alisema, na yeye hakumfuata mtu kitandani kwake.

Asubuhi moja alikuwa ghalani nyuma ya soko pamoja na Ami Masi, mwenye biashara ile, na Rosario, msaidizi aliyekuwa na nguvu za punda na akili za huyo huyo punda. Rosario alikwisha kumponda mwoka mikate goti, na hadi leo maskini yule anatembea upande upande kama kaa. Mlango ukafunguliwa, akaingia mtu akichechemea. Gaspare alipomwona, akauweka mfuko chini.

"Toba! Nofrio? Umepotea njia?"

"Sijapotea, kumpari. Sindano ya ganzi nimeshachomwa garini. Mguu wako huo, chukua."

Walikuwa makumpari tangu utotoni. Siku ya Mtakatifu Yohana kila mmoja aling'oa unywele wake, wakazisokota pamoja, wakazipeperusha baharini, wakaapa. Ule ni undugu kama wa kuchanjiana, na pale Palermo hata majambazi wanauogopa. Yohana humsamehe mwizi, humsamehe mzinzi. Anayemwaga damu ya kumpari wake hamsamehi, hata alambe sakafu ya kanisa kutoka mlangoni hadi madhabahuni.

"Rudi nyumbani," Gaspare akasema.

"Nyumbani kuna nini? Manispaa wamebeba toroli langu la kuuzia mikate ya bandama. Leo mke wangu Agata amepika kitunguu. Kesho atapika maganda yake."

"Mimi sikuvunji, Nofrio. Unajua kwa nini."

"Nimekuja kwa sababu ni wewe! Wewe unavunja kwa adabu. Huyu fahali wako akinigusa, sitasimama nyuma ya toroli tena mpaka naingia kaburini."

Rosario akacheka. "Fahali amesikia."

"Jamani, posa mtapelekeana baadaye," Ami Masi akasema, akichungulia dirishani. "Pikipiki imeshalala chini na shahidi wetu Bi Pina ameshaanza kulia. Ataliaje bila mgonjwa? Rosario, shika mfuko."

Wakamlaza Nofrio. Rosario akainua mfuko juu ya kichwa, si usawa wa kifua, juu kabisa, kwa uchu. Gaspare akalikumbuka goti la mwoka mikate. Akamrukia. Mfuko ukaanguka sakafuni, saruji ikapasuka. Rosario akamtia ngumi ya mbavu, nyingine ya mdomo, Gaspare akatema jino. Akaokota kipande cha tofali, akampiga nacho usoni, akampiga tena pua ilipokuwa, akampiga mara nyingine wakati Rosario ameshapiga magoti akipapasa hewa. Lazima isemwe kweli: alifurahia. Damu ilimrukia hadi kwenye kope na bado mkono wake ulikuwa unakwenda.

Alipogeuka, bastola ya Ami Masi ilikuwa kwenye sikio la Nofrio.

"Mmemaliza kucheza?" mzee akauliza, sauti ile ile ya kuagiza kahawa. "Huko nje wanangoja mguu. Wa nani, shauri yenu. Nikikosa mguu nitapeleka maiti, bima yake ni kubwa zaidi."

Gaspare akaketi sakafuni. Akaupandisha mguu wake wa kulia juu ya matofali.

"Wangu."

"Haya. Nani atavunja? Rosario haoni. Mimi na moyo wangu huu siwezi kunyanyua." Akamsukuma Nofrio kwa mdomo wa bastola. "Wewe."

"Ami, huyu ni kumpari wangu!"

"Ndiyo maana atakuvumilia."

Sindano ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa imekwisha katika mguu wa Nofrio. Gaspare akauma mkanda wake. "Usawa wa kifua," akamwambia. "Fumba macho uachie. Dhambi naibeba mimi."

Nofrio akainua. Mguu wake uliokufa ganzi ukamsaliti, akayumba, mfuko ukaangukia goti. Haikulia ka. Ililia kama gunia la kokwa likikanyagwa. Gaspare alisikia maumivu yakipanda hadi kwenye meno, na mkojo ukamtoka, akapiga ukelele ambao hakujua ni wake. Amewavunja wangapi, na hakujua. Hakuwahi kujua ni hivi.

"Goti halikuagizwa," Ami Masi akasema. "Wakili anataka muundi. Tena."

"Basi, Ami, kwa jina la Yohana!" Nofrio akasihi.

"Tena."

Nofrio akainua tena, analia makamasi yanamtiririka, na alipoachia alipiga ukelele mkubwa kuliko wa Gaspare. Muundi ukakatika, ncha yake nyeupe ikachungulia nje ya suruali.

Wakambeba hadi kwenye mistari ya kuvukia. Bi Pina akajigaragaza, "Maskini kijana wa watu! Nimeona kwa macho yangu haya!" Jua lilikuwa kali. Gaspare amelala pale, akamtafuta rafiki yake kwa macho, akamwona ukutani ameikodolea mikono yake kama mtu aliyeletewa mikono isiyo yake. Hapo ndipo alipoelewa, na likamuuma kuliko goti. Yeye ndiye aliyebaki safi mbele ya Yohana. Aliyemwaga damu ya kumpari wake ni Nofrio, na dhambi haibebwi kwa niaba kama gunia la ngano.

Gari la wagonjwa likafika, na polisi mmoja nyuma yake. Muuguzi akapiga magoti. "Nani amekugonga, kaka?"

Kabla Gaspare hajajibu, Nofrio akasogea mbele. "Mimi. Ni mimi nimemvunja."

"Wewe ndiye ulikuwa unaendesha pikipiki?" polisi akauliza.

Bi Pina akaacha kujigaragaza. Dirisha la ghala likafungwa taratibu.

"Hakuna pikipiki," Nofrio akasema.

"Huyu amechanganyikiwa na jua," shahidi mmoja wa Ami Masi akadakia upesi. "Mwulizeni mgonjwa!"

Wote wakamtazama Gaspare. Neno moja tu la uongo, na Nofrio angekuwa kichaa wa mtaa, angerudi nyumbani kwa Agata, angeishi, na dhambi ile ingeishi naye. Gaspare akanyoosha mkono, akaushika wa mwenzake.

"Anasema kweli," akasema, akilitazama dirisha la ghala. "Huyu ni kumpari wangu. Tupakieni wote wawili, na mlango mfunge vizuri."